Kifurushi Kilichochakaa Ni Hatari Kuliko Kisichokuwepo

Anayetumia mfumo endeshi wa chanzo huria amezoea neema moja kubwa. Akihitaji programu, haendi kuiwinda kwenye intaneti huku akibahatisha ni tovuti ipi ya kweli na ipi ya matapeli. Anaandika amri moja, na programu inashuka kutoka kwenye ghala la mfumo wenyewe, imeshapitiwa na kutiwa saini na watu ambao hawana cha kumuuzia. Kwa kihariri cha maandishi, kwa kicheza muziki, kwa seva ya tovuti, utaratibu huu umetufaa kwa miaka mingi. Lakini akitaka pochi ya Bitcoin, yaani programu ya kutunza funguo za sarafu hiyo ya kidijitali, au nodi yake mwenyewe, yaani programu inayokagua miamala yote ya mtandao, ghala hilohilo linaanza kumwangusha, na mara nyingi linamwangusha kimyakimya.

Mimi ni miongoni mwa wanaojitolea kufungasha programu, yaani kuziandaa ziwe vifurushi vya ghala, na kila mjadala wa kuboresha hali ya sarafu za kidijitali ukianza, pendekezo la kwanza huwa lilelile: tuongeze pochi, tuongeze nodi, ghala lijae. Sikubaliani nalo. Kwa programu za aina hii, kifurushi kilichochakaa ni hatari kuliko kisichokuwepo. Asiyekikuta ghalani atakwenda kwa watengenezaji wenyewe na kuchukua toleo la leo. Anayekikuta atakiamini, kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha kuamini kila kilichomo ghalani.

Ili kuelewa tatizo, tazama kwanza maana ya "imara" katika mfumo wa Linux kama Debian. Toleo imara hutoka kila baada ya miaka miwili hivi, na likishatoka linagandishwa. Kasoro ya usalama ikigunduliwa, haziletwi programu mpya. Kinachukuliwa kiraka kidogo na kubandikwa kwenye programu ileile ya zamani. Mwenye seva hulala usingizi, maana anajua hakuna kitakachobadilika chini ya miguu yake. Bitcoin Core, programu kuu ya nodi ya Bitcoin, kwa upande wake, hutoa toleo kubwa kila miezi sita hivi. Na nodi si programu inayojitegemea. Kazi yake yote ni kufikia jibu lilelile ambalo maelfu ya nodi nyingine wamelifikia kuhusu kila bloku, yaani kila fungu la miamala linaloongezwa kwenye mnyororo, daftari la pamoja la mtandao. Ikitofautiana nazo kwa jambo dogo tu, inajikuta kwenye mnyororo wa peke yake, na mwenyewe hana habari.

Machi 2013 jambo hilo lilitokea waziwazi. Toleo la 0.8 la Bitcoin lilikuwa limeacha hifadhidata ya Berkeley DB na kuhamia LevelDB. Matoleo ya 0.7 kurudi nyuma yalibaki na Berkeley DB, ambayo ilikuwa na kikomo cha idadi ya kufuli inazoweza kushika kwa wakati mmoja. Hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba kikomo hicho ni kanuni ya mtandao. Ikaja bloku namba 225,430, iliyogusa miamala mingi kuliko kawaida. Nodi za 0.8 zikaikubali, nyingi za 0.7 zikaikataa, na mnyororo ukagawanyika. Kwa saa kadhaa kulikuwa na historia mbili za fedha zilezile. Mgawanyiko uliisha pale wachimbaji wakubwa, wale wanaounda bloku mpya, walipokubali kurudi kwenye 0.7, na bloku 24 zikatupwa. Mpangilio wa ndani wa hifadhidata, kitu ambacho mfungashaji wa kawaida hubadilisha bila kufikiri mara mbili, ulikuwa sehemu ya makubaliano ya mtandao mzima.

Miezi michache baadaye, Julai 2013, watu wa Bitcoin waliziandikia jumuiya za Linux barua ya wazi. Waliwaomba wafungashaji wasiisambaze nodi hiyo kwa mazoea yao ya kawaida, na hasa wasiitenganishe na nakala ya LevelDB iliyomo ndani yake. Kwa wafungashaji ombi hilo lilikuwa chungu. Tuna mila ya kuwa na nakala moja tu ya kila maktaba, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, katika mfumo mzima: kasoro ikipatikana, unarekebisha mahali pamoja na programu zote mia zinapona. Ni mila nzuri, na nimeitetea mara nyingi mbele ya watengenezaji wanaopenda kubeba kila kitu ndani ya programu zao. Hapa lakini haikufaa, na ushahidi ulikuja wenyewe.

Januari 2015, OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ilitoa marekebisho ya usalama yaliyoifanya iwe kali zaidi katika kusoma saini za kidijitali. Saini iliyoandikwa kwa umbo lisilo rasmi, ambayo zamani ilipita, sasa ilikataliwa. Kwa programu nyingine yalikuwa maendeleo. Kwa nodi ya Bitcoin iliyotumia OpenSSL ya mfumo, ilimaanisha kwamba ingeweza kukataa bloku ambayo wenzake wanaikubali. Fikiria hali ya timu ya usalama ya mfumo endeshi: imefanya kazi yake kwa wakati, kwa usahihi, kwa manufaa ya wote, na bado imeweza kuitenga nodi ya mtu na mtandao wake. Watengenezaji wa Bitcoin walitoa tahadhari haraka, kisha mwaka huohuo pendekezo la BIP 66 likafanya umbo rasmi la saini kuwa kanuni ya mtandao. Mwaka 2016, toleo la 0.12 likahamishia ukaguzi wa saini kwenye maktaba yao wenyewe, libsecp256k1, na kufikia toleo la 0.20, mwaka 2020, OpenSSL ilikuwa imeondolewa kabisa.

Kulikuwa na vikwazo vingine vidogo zaidi ambavyo mtumiaji alivihisi moja kwa moja. Kwa miaka mingi Fedora, mfumo mwingine wa Linux, ilisambaza OpenSSL iliyopunguzwa, mikunjo ya duaradufu ikiwa imetolewa kwa hofu ya hataza, kwa hiyo hesabu ambazo Bitcoin inazitegemea hazikuwemo kwenye mfumo. Na faili la pochi, wallet.dat, lilikuwa na balaa lake: watengenezaji walijenga matoleo yao kwa Berkeley DB 4.8, wakati mifumo mingi ilikuwa imeshafika 5.3. Pochi iliyofunguliwa kwa programu ya ghalani ingeweza kukataa kufunguka tena kwa programu rasmi. Chaguo la kujenga kwa hifadhidata mpya liliitwa waziwazi "isiyooana", lakini mtumiaji wa mwisho hakuliona neno hilo. Aliona tu pochi yake haifunguki. Pochi za aina mpya, zinazotumia SQLite, zilianza na toleo la 0.21 mwaka 2021 na zimemaliza ugomvi huo.

Debian ilichukua uamuzi ambao naendelea kuuheshimu. Kifurushi cha bitcoin kiliwekwa kwenye tawi lisilo imara, na ripoti ya hitilafu ikaachwa wazi kwa makusudi ili kukizuia kisiingie kwenye toleo imara. Wako wanaoiona kama dharau kwa sarafu za kidijitali. Mimi naiona kama ukweli uliosemwa mapema: hatuna uwezo wa kukitunza kwa miaka yote ambayo toleo imara hudumu, basi tusikuahidi.

Tazama Septemba 2018 kuelewa ahadi hiyo ingekuwa nzito kiasi gani. Iligunduliwa kasoro, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2018-17144, ambayo katika matoleo kadhaa ingemruhusu mchimbaji kutumia sarafu ileile mara mbili ndani ya muamala mmoja, yaani kuunda sarafu kutoka hewani. Marekebisho yalitoka na toleo la 0.16.3. Mwanzoni watengenezaji walitangaza upande mmoja tu wa kasoro, ule wa kuangusha nodi, ili watu wapate muda wa kusasisha kabla ubaya wake wote haujajulikana. Mfungashaji anayechagua viraka kwa kupima uzito wa tangazo angeweza kusema hiki kinaweza kusubiri.

Kwa pochi, hatari huja kwa mlango mwingine. Electrum, pochi maarufu iliyoandikwa kwa Python na iliyokuwapo tangu 2011, ilikuwa na tabia ya kumwonyesha mtumiaji ujumbe wa kosa kama ulivyotoka kwenye seva. Mwishoni mwa 2018 wadukuzi walisimamisha seva zao nyingi. Mtumiaji alipotuma malipo, seva ilimrudishia ujumbe nadhifu wa kumtaka asasishe programu, pamoja na kiungo cha kupakua toleo la uongo. Zaidi ya bitcoin 200 ziliibwa kwa siku chache. Watengenezaji walirekebisha, lakini hawangeweza kuingia kwenye kompyuta ya mtu na kubadilisha toleo la zamani. Na toleo la zamani ndilo hasa linalokaa kwenye ghala lililogandishwa. Kinachoniuma ni kwamba mtumiaji makini ndiye aliyekuwa kwenye hatari zaidi hapo: anaambiwa programu yake ni ya zamani, anatazama ghalani hakuna mpya, na ujumbe ule unaonekana kusema kweli.

Sarafu nyingine zina kalenda zao. Monero kwa miaka kadhaa ilibadilisha kanuni za mtandao kila miezi sita hivi, na nodi isiyosasishwa ilibaki nyuma siku hiyohiyo. Ethereum ilipoacha uchimbaji mnamo Septemba 15, 2022, aliyekuwa akiendesha nodi kwa programu moja alilazimika kuwa na mbili zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe.

Basi tufanye nini? Jibu limo tayari ndani ya utaratibu wetu, tumesita tu kulitumia hapa. Debian iliachana zamani na wazo la kugandisha kivinjari. Firefox ESR huletwa ikiwa toleo jipya zima ndani ya mfumo imara, kwa sababu kila mtu anakubali kwamba kivinjari cha miaka miwili ni mtego. ClamAV nayo husasishwa vivyo hivyo, kwa kuwa kinga ya virusi isiyojua virusi vya leo haina kazi. Nodi na pochi zinastahili njia hiyohiyo, kwa masharti makali: kuwe na watunzaji zaidi ya mmoja, wawe na mawasiliano na watengenezaji, na maktaba zinazogusa kanuni za mtandao zibaki zile alizochagua mtengenezaji.

Na sharti la mwisho, ambalo najua litapingwa: kifurushi kiwe na tarehe ya mwisho. Kikipitwa na matoleo mawili makubwa bila mtu kukisasisha, kiondolewe ghalani bila kikao kirefu. Hilo halitoshi, kwa sababu kuondoa kifurushi ghalani hakukiondoi kwenye kompyuta ambazo tayari kimesakinishwa. Kwa hiyo programu yenyewe, ikiwa imejengwa na sisi, imwambie mwenyewe inapofunguliwa kwamba haitunzwi tena, imwonyeshe jinsi ya kuhifadhi ufunguo wake, na imwelekeze kwa watengenezaji. Ujumbe huo uandikwe wakati wa kufungasha, tukiwa bado tupo. Mtunzaji aliyechoka akaondoka hatarudi kuuandika.

Kuna upande ambao mfungashaji anapaswa kuwa na unyenyekevu kuliko mahali pengine popote: nambari za kubahatisha, ambazo funguo za siri huzaliwa kutokana nazo. Mwaka 2006 mistari michache iliondolewa kwenye OpenSSL ya Debian ili kunyamazisha maonyo ya chombo cha kukagua kumbukumbu. Haukuwa uzembe wa mtu asiyejali. Mtunzaji aliuliza kwanza, na majibu aliyopata hayakumzuia. Matokeo yake, kitu pekee kilichobaki cha kutofautisha funguo kilikuwa namba ya mchakato, yaani uwezekano 32,767 tu kwa kila aina ya ufunguo na kompyuta. Tangazo lilitoka Mei 13, 2008, baada ya karibu miaka miwili ya funguo dhaifu kuzaliwa kila siku. Mnyororo wa Bitcoin ulianza Januari 2009. Sipendi kuwaza ingekuwaje kama ungetangulia.

Agosti 2013, kasoro kwenye kizalishaji cha nambari za kubahatisha cha Android ilifanya baadhi ya pochi za Bitcoin zirudie nambari ambayo haipaswi kurudiwa katika saini mbili, na anayejua hesabu akaweza kukokotoa ufunguo wa siri kutoka kwenye mnyororo ulio wazi kwa wote. Mwaka 2023 ikafichuka kwamba chombo cha libbitcoin, mradi wa programu za Bitcoin, kilikuwa kikizalisha mbegu za pochi, yaani namba ambazo funguo zote za pochi hutokana nazo, kwa nguvu ya biti 32 peke yake, na fedha zikawa zimeshaibwa. Kiini cha Linux kina wito wa getrandom, wa kuomba nambari za kubahatisha, tangu 2014, na kazi yetu ni kuhakikisha kila pochi tunayoisambaza inautumia, au inatumia kitu kinachoutegemea. Na kiraka chochote kinachogusa msimbo wa funguo kisikubaliwe ghalani kabla watengenezaji wenyewe hawajakikubali kwao.

Sasa nije kwenye kazi ambayo mfumo endeshi peke yake unaweza kuifanya, na ambayo imepuuzwa kwa sababu haina sifa. Mtu ananunua pochi ya kifaa, Trezor au Ledger. Anaichomeka kwenye USB. Hakuna kinachotokea. Programu inasema kifaa hakipo. Tatizo ni ruhusa: Linux humpa msimamizi mkuu peke yake haki ya kuzungumza na kifaa cha aina hiyo mpaka kuwe na kanuni ya udev, sehemu ya mfumo inayosimamia vifaa, inayosema vinginevyo. Mtumiaji anatafuta msaada, na ushauri wa kwanza anaoupata ni aendeshe pochi kwa sudo. Yaani mtu aliyetoa fedha zake ili funguo zikae salama anaishia kuipa programu ya pochi mamlaka yote ya kompyuta. Dawa ni faili dogo la mistari michache lenye namba za utambulisho wa vifaa na lebo ya uaccess, inayompa ruhusa yule aliyeketi mbele ya kompyuta wakati huo. Faili hilo halichakai kama pochi inavyochakaa, halihusiki na makubaliano ya mtandao wowote, na linaweza kusakinishwa pamoja na mfumo kwa kila mtu. Kama ningeruhusiwa kuomba jambo moja tu, ningeomba hili.

Kwa wanaoendesha nodi, systemd, programu inayowasha na kuzima huduma za mfumo, inahitaji uangalifu. Kwa kawaida huipa huduma sekunde 90 za kujifunga kabla ya kuiua. Nodi ya Bitcoin huweka sehemu kubwa ya hifadhidata yake kwenye kumbukumbu na inahitaji muda wa kuishusha diskini. Ikikatwa katikati, inaweza kulazimika kurudia kazi ya saa nyingi. Faili la huduma linalokuja na msimbo wa Bitcoin Core limeweka sekunde 600, pamoja na kinga nzuri: huduma haiwezi kuona folda za watumiaji, haiwezi kujiongezea mamlaka, haiwezi kugusa vifaa. Nimeona vifurushi vinavyolitupa faili hilo na kuandika jipya lenye mistari minne. Lichukuliwe kama lilivyo. Na maelezo ya kifurushi yaseme mapema kwamba mnyororo mzima unazidi gigabaiti 500, na kwamba kuna njia ya kupogoa, yaani kufuta bloku za zamani, kwa asiye na diski kubwa.

Kuna pia Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha ya programu kwenye skrini, ambayo inazuia programu moja kusoma vibonyezo vya nyingine. Chini ya X11, mtangulizi wake, programu yoyote iliyo wazi inaweza kusikiliza unapoandika maneno 12 ya mbegu yako. Hilo peke yake linanitosha kumshauri mwenye pochi ahame.

Ghala likishindwa, watu huenda kwenye maduka ya programu, na huko mambo yamekuwa mabaya. Mei 2018 mchezo uliowekwa kwenye Snap Store, duka la Canonical, watengenezaji wa mfumo wa Ubuntu, ulikutwa na programu ya kuchimba sarafu iliyofichwa ndani yake. Februari 2024 iligundulika humohumo pochi ya uongo iliyojiita Exodus, na mtu mmoja akapoteza bitcoin zenye thamani ya takriban dola 490,000. Baada ya matukio ya aina hiyo Canonical ikaanza kupitisha majina mapya mikononi mwa binadamu kabla ya kuyakubali. Yule mtu hakufanya jambo la ajabu. Alifungua duka lililokuja na mfumo wake, akatafuta jina, akasakinisha. Alifanya kile tulichomfundisha.

Ndiyo maana natilia mkazo ujenzi unaoweza kurudiwa: watu wasiojuana wajenge programu kutoka kwenye msimbo uleule, kila mmoja kwenye mashine yake, na wapate faili linalolingana baiti kwa baiti. Mkasa wa xz, programu ya kubana faili iliyopandikizwa mlango wa siri, uliogunduliwa Machi 2024 na Andres Freund baada ya kushangazwa na ucheleweshaji wa nusu sekunde hivi, ulionyesha jinsi faili la kusambazwa linavyoweza kutofautiana na msimbo ambao kila mtu anadhani anausoma. Bitcoin Core walilifikiria hili mapema, kwanza kwa kutumia chombo kiitwacho Gitian, na tangu toleo la 22.0 mwaka 2021 kwa kutumia Guix, ambayo mwaka 2023 ilifikia hatua ya kuweza kujenga mfumo wake kuanzia programu ya baiti 357. Watu wa mifumo endeshi tunapaswa kuichukua kazi hiyo na kuiunganisha na yetu: kifurushi cha pochi kisiingie ghalani mpaka angalau wajenzi wawili walio mbalimbali wamepata matokeo yanayofanana.

Hili halihitaji kibali cha mtu. Kila toleo la Bitcoin Core linapotoka, yeyote anaweza kulijenga kwa Guix, kulinganisha alama za faili alizopata na za wengine, na kutuma uthibitisho wake ukiwa na saini ya PGP. Inahitaji diski yenye nafasi, saa kadhaa za kusubiri, na uvumilivu mara ya kwanza mambo yanapogoma. Kwa kanuni za udev, inahitaji mtu mwenye kifaa mkononi, aangalie namba yake kwa amri ya lsusb, aone kama imo kwenye faili la mfumo wake, na kama haimo afungue ripoti ya hitilafu yenye namba hiyo na jina la kifaa.